Anayeshuka Husema Kwanza

Sifa,

Majirani wanaopita wanadhani ninaandika malalamiko mengine ya kupeleka ofisini, ndiyo maana wameniacha. Mama yako amepita mara mbili, akatazama karatasi, akanitazama, akaenda zake. Wewe uko nje, umeigeuza juu chini baiskeli yako, kinga kama tuiitavyo sisi wa Kongo, unazungusha gurudumu na kulisikiliza. Jua bado liko juu ya vilima vya ng'ambo ya ziwa. Kesho asubuhi utashuka Rwekubo, utapanda gari la Mbarara, na Alhamisi utaondoka na watu wako wa baiskeli kuelekea milima ya Kigezi.

Sitakuandikia habari ya neti, wala ya kuchemsha maji, wala ya kuchagua kanisa huko Nyamitanga utakakopanga chumba. Hayo mama yako ameyasema tangu Jumamosi, tena kwa sauti. Mimi nina jambo moja, na ni gumu, na nisipolizunguka kidogo sitalifikia. Najua unavyowaambia wenzako: "Papa akianza kueleza, muketi." Basi keti.

Unajua kwamba nilisukuma kinga nilipokuwa kijana, lakini hujui vizuri, kwa sababu hapa kambini Nakivale nimependa zaidi kuwaambia wakimbizi wenzangu kwamba nilikuwa katibu wa chama cha wasukuma kinga. Ni kweli nilikuwa katibu. Lakini katibu alikaa kwenye kiti saa mbili kwa juma, na siku zilizobaki alisukuma kama wengine. Tulipakia mchele kule bondeni Kamanyola, magunia mawili ubavuni na moja juu, tukaupandisha kwa mlima wa Ngomo hadi Nyangezi, na wenye nguvu hadi Bukavu. Kinga zetu hazikuwa na pedeli wala mnyororo. Tuliving'oa, kwa sababu vilituumiza miguu na hakuna mtu aliyewahi kuiendesha kinga ya mchele kwenda juu. Ulifunga mti mmoja kwenye usukani wa kuongoza, mwingine nyuma ya kiti wa kusukumia, ukainama. Njia ilikuwa changarawe tupu, imechimbwa na malori, inajikunja kona baada ya kona. Kwenye kona kali mtu mmoja hawezi. Mnasukuma wawili kinga ya kwanza, mnaiegemeza kwenye mwamba, mnarudi kuchukua ya pili. Na pale juu, njia inapopenya katikati ya vilele viwili, pale tulipopaita mulango, kulikuwa na upepo unaokausha jasho kabla hujaketi.

Njia hiyo ilikuwa na sheria moja tu, na hakuna mkuu aliyeiandika. Anayepanda hana pumzi ya kuuliza. Kwa hiyo anayeshuka ndiye anayesema kwanza. Hata kama hamfahamiani, hata kama jana mligombana sokoni, anasimama, anaweka jiwe mbele ya gurudumu lake, anakupa habari ya njia: "Kona ya tatu kuko matope. Daraja imevunjika mbao mbili, pita kuume. Kwa mulango kuko askari, banaomba sigara." Wewe unatikisa kichwa tu na kuendelea. Hakuna asante, na hakuna bongo, yaani uongo. Aliyedanganya juu ya njia hakupigwa, hakufukuzwa. Watu waliacha tu kumsukumia kwenye kona. Nilimwona mmoja aliyeachwa hivyo. Alikaa na mchele wake kwenye kona ya nne tangu asubuhi mpaka mvua ikanyesha, watu wanampita, na hakuna aliyemtukana hata neno moja.

Nimekueleza haya kwa sababu nimekudanganya juu ya njia. Nitafika hapo. Usiruke kurasa.

Unakumbuka mwaka jana watu wako wa baiskeli walipokuja mara ya kwanza. Walikuwa watano, kinga zao zina matairi mapana yenye meno, usukani umepinda chini kama pembe za kondoo. Walikuwa wanatafuta njia ya changarawe ya kutoka Mbarara mpaka Kikagate mpakani bila kugusa lami, na walipotea kwenye njia panda iliyo chini ya kilima. Wewe ulikuwa unakwenda Rwekubo na mikungu mitatu ya matoke. Ukawaonyesha njia, wakakuomba uwatangulie. Walipofika juu ya mwinuko walikukuta umeketi kwenye jiwe unawangoja, na mikungu yako haijalegea kamba. Hukuwa na nguvu kuwazidi. Ulijua wapi pa kupanda na wapi pa kushuka, na wao walijaribu kupanda kote.

Kesho yake bwana Tumusiime, mkubwa wao, alikuja mpaka mlangoni kwangu.

"Mzee, huyu mutoto yako anajua barabara kuliko simu yangu," alisema. "Tunataka yeye akuje na sisi. Tunapeleka wageni kule Kabale, Kisoro, kwa milima. Wageni wanapenda sana ile murramu, ile changarawe ya juu."

"Wanapenda kufanya nini huko?"

"Kupanda."

"Na mzigo gani?"

"Hakuna mzigo, mzee. Wanapanda tu."

"Kwa hiyo wanalipa ili wachoke?"

"Eeh! Ndiyo bizinesi yenyewe hiyo!" Akacheka mpaka akashika nguzo ya nyumba.

Mimi sikucheka. Nilimpa nusu saa nzima. Nilimwambia kwamba katika dunia hii kuna mtu anayepanda mlima kwa sababu nyumbani kuna njaa, na kuna mtu anayepanda mlima kwa sababu nyumbani kuna shibe, na wa pili anapigwa picha. Nilimwambia kwamba barabara isiyo na lami ni dhambi ya serikali, si uzuri wa nchi. Nilitaja vitabu. Yeye alisikiliza kwa heshima, akisema "ndiyo mzee, ndiyo mzee", na alipoondoka nilijisikia nimeshinda. Kisha wewe ukaniuliza, huku unafagia:

"Papa, kule juu kwa mulango, ulikuwa unaangalia nini?"

"Gurudumu," nilisema. "Ungeangalia nini kingine? Likiteleza umekufa."

"Mimi nataka kuangalia ng'ambo."

Nilikuambia ufagie vizuri.

Sasa nikueleze la baba yako mdogo Byamungu. Tumekuambia siku zote kwamba vita vilimchukua. Hiyo ni namna ya kusema ya watu wanaotaka kulala. Mwaka wa tisini na sita vita vilipoingia bondeni, wewe ulikuwa na miaka miwili. Tuliondoka Luvungi tukiwa na kinga mbili. Wewe ulifungwa juu ya yangu, kati ya mafurushi ya nguo, na Byamungu alisukuma nyingine. Chini ya Ngomo tulikuta watu wengi wamesimama, hawajui wapande au warudi. Na hapo akaja Papa Bisimwa akishuka. Huyo alikuwa msukuma kinga mzee, hajui kusoma, ameipanda Ngomo tangu kabla sijazaliwa. Siku hiyo alikuwa mikono mitupu. Alisimama mbele yetu kama sheria inavyotaka, akasema:

"Kwa kona ya tano bako. Banakamata makinga, banakamata na bijana babebe mizigo yabo. Makinga muache hapa. Mupite fasi ya kule, kwa njia ya mbuzi."

Mimi asubuhi hiyo nilikuwa nimesikiliza redio. Redio ilisema barabara iko wazi. Nikamuuliza Bisimwa mbele ya watu wote: uliwaona wangapi? Wamevaa nini? Ni wa upande gani? Mzee akababaika. Hakuwahesabu, alikuwa amekimbia. Nikasema, basi hukuona, uliogopa. Kuogopa si kuona. Watu wakacheka. Pale palipokuwa na hofu kiasi kile, watu walitaka sana kucheka, na mimi niliwapa. Bisimwa akanitazama akasema, "Sawa, mwalimu. Uko na maneno mingi." Akaendelea kushuka.

Watu kama ishirini walinifuata mimi, mtu mwenye redio, wakamwacha mtu mwenye macho.

Askari walikuwa kona ya tano, kama alivyosema. Walichukua kinga zote. Walikufungua wewe kwenye mafurushi wakakuweka chini kama kuku. Wakamchukua Byamungu na vijana wengine wanne. Alikuwa na miaka kumi na tisa. Walimtwisha gunia kichwani, akageuka, akanitazama. Hakunitazama kwa hasira. Alinitazama kama nyote mnavyonitazama likitokea jambo, akingoja nieleze. Sikuwa na neno, Sifa. Mimi. Hatujamwona tena, na mama yetu alikufa akiniuliza ni nani aliyetuambia tupite pale.

Nimekuwa nikitafuta fundisho katika jambo hilo kwa miaka yote hii na sijapata lililo zuri. Najua tu kwamba kuna watu wawili nisiowaamini tena: mtu anayenifanya nicheke ninapoogopa, na mimi mwenyewe nikiwa nashinda. Ukiwa huko milimani mkabishana juu ya njia, na mmoja ana ramani nzuri na mwingine amepita pale jana na hajui kujieleza, mpe nafasi asiyejua kujieleza. Mketishe. Mpe maji. Mwache ababaike mpaka amalize.

Lakini mtu hujifunza jambo mahali pamoja na kulikosea mahali pengine. Unadhani baada ya Ngomo niliacha kubishana? Nilifika hapa nikabishana zaidi. Nimebishana na ofisi, na viongozi wa kijiji, na pasta, na huyu fundi viatu jirani yetu ambaye hata hapendi kubishana. Mara nyingine nilifanya vizuri. Ulipoanza kupanda kinga, mama mmoja wa kwaya alisimama baada ya ibada:

"Baba Sifa, mutoto mwanamuke juu ya kinga, miguu inje, banaume banaangalia! Atatuletea haya!"

"Wanaume wafumbe macho," nilisema. "Macho ni yao, kinga ni ya mutoto wangu."

"Unamuharibu!"

"Ninyi mlibeba kuni kwa kichwa mpaka shingo zikaingia mabegani, hakuna aliyesema mumeharibika. Sasa huyu anabeba kwa gurudumu, mumeona haya?"

Kanisa zima lilipasuka. Pasta mwenyewe aliinamia Biblia yake asionekane akicheka. Nilirudi nyumbani kichwa juu, nikasema moyoni, mimi ni mtu anayemtetea binti yake.

Na ni mimi huyohuyo. Majuma mawili baada ya Tumusiime kuja, ulinijia umevaa gauni la kanisani siku isiyo ya kanisa, ukasema, "Papa, nimeamua. Naenda kwao." Nikakuambia nimetoka ofisini. Nikakuambia faili letu la kuhamishiwa nchi ya tatu limefika juu, tutaitwa kwenye mahojiano wakati wowote, na akikosekana hata mmoja, familia nzima inafutwa. Ukauliza kama nina hakika. Nikasema, "Nimeambiwa kwa mdomo wao."

Hakuna aliyeniambia. Siku hiyo sikufika ofisini. Nilishinda kwa fundi viatu nikimweleza historia ya ukoloni.

Ulimpigia Tumusiime ukamwambia huwezi. Ukarudi kwenye matoke. Na kila Ijumaa, kwa mwaka mzima, uliniuliza kwa sauti ileile, "Papa, wametuita?" na mimi nikajibu, "Bado, lakini karibu." Kila Ijumaa nilikuwa naweza kusema ukweli, na kila Ijumaa ulikuwa mgumu kuliko Ijumaa iliyopita. Si kwamba nilikupenda kidogo. Niliogopa kungoja peke yangu. Mwezi uliopita Tumusiime alikuita tena, na safari hii uliniambia hutangoja.

Acha nikueleze kungoja ni nini, kwa sababu wewe umekulia ndani yake kama samaki majini. Tazama nyumba yetu. Jirani zetu tuliokuja nao pamoja wameezeka bati. Sisi bado tuna turubai, na turubai hili ni la tatu, kwa sababu kila mara nilisema tusiweke bati, tutaondoka. Tazama shamba. Mimi sijapanda mgomba hata mmoja. Umewahi kujiuliza kwa nini mtoto wangu anabeba matoke ya watu wengine? Mgomba unataka mwaka na zaidi, nami nilisema hatutakuwapo. Nilipanda maharage na mahindi, mazao ya mtu mwenye haraka. Mama yako aliomba chipukizi kwa jirani mwaka tulipofika. Nilimrudishia jirani chipukizi zake. Sasa jirani ana shamba la migomba na wajukuu wanacheza chini yake, na mimi nina maharage.

Hapa hakuna ukuta. Hilo ndilo linalonitia wazimu. Wageni wakija wanasema, mbona ni pazuri, kuna ziwa, kuna vilima, mnaruhusiwa kulima, watu wanakwenda Mbarara na kurudi. Ni kweli. Barabara iko pale, ya changarawe, pana, inapita mbele ya mlango wangu, na hakuna mtu aliyenizuia kuipita. Nilijizuia mwenyewe, nisije nikawa njiani siku ambayo namba ya faili letu itabandikwa ofisini. Sijawahi kulala Mbarara, Sifa. Mtu aliyepanda Ngomo na mchele, na hajawahi kulala mji ulio karibu hivyo! Mimi ninayeandika kurasa kumi dhidi ya wanaotuweka hapa kama magunia ghalani, nilijifunga mwenyewe kamba, kisha nikakufunga na wewe kwa sababu kamba ilikuwa ndefu.

Jumamosi ulipoleta ramani na daftari lako, nilisubiri utoke nikavichukua. Nilifuata kwa kidole: Mbarara, Ntungamo, Kabale, kisha ule mstari mwembamba unaojikunja kupanda Kanaba kabla ya kushuka Kisoro. Umeandika pembeni kwamba kutoka pale juu volkano zinaonekana zimepangana, na nyuma yake ni Kongo. Nikafungua daftari. Mimi nimesoma vitabu vingi kuliko pasta wetu, na vichache kuliko ninavyodai, na ninakuambia daftari lile ni maandishi mazuri. "Maji hapa ni safi, uliza kwa mama wa kibanda cha bluu." "Kokoto kubwa, punguza mwendo kabla ya kona, si ndani ya kona." Na mahali pamoja umeandika tu, "Hapa shuka." Maneno mawili. Mimi ningeandika ukurasa mzima, na mgeni angeanguka kabla hajafika mwisho wa sentensi ya kwanza.

Nilipata wivu. Ni aibu kwa baba kuandika hivyo, lakini ndivyo ilivyokuwa. Nilimwonea wivu mtoto wangu kwa sababu ana mlima.

Sasa nimefika.

Leo asubuhi nilikwenda kwenye ubao wa matangazo, kama nilivyokwenda kila Jumatatu. Sikutegemea kitu. Nilikuwa nabishana na mtu pembeni yangu juu ya tahajia ya tangazo moja. Na namba yetu ilikuwa pale. Nilidhani macho yananidanganya, nikatoa kadi, nikalinganisha tarakimu moja moja. Majina matatu: langu, la mama yako, lako. Mahojiano ni Alhamisi ya wiki ijayo, saa tatu asubuhi. Alhamisi hiyo wewe utakuwa Kanaba na wageni nyuma yako.

Nilikwenda kwenye dirisha la ofisi. Nilimuuliza kijana aliyekuwapo, "Na akikosekana mmoja?"

"Mwenye miaka kumi na minane na zaidi anajibu mwenyewe, mzee. Asipokuwepo, faili linawekwa kando mpaka apatikane."

"Linafutwa?"

"Halifutwi. Linawekwa kando."

"Kwa muda gani?"

"Hiyo mimi siwezi kujua."

Nilirudi nyumbani nikakukuta unapaka mafuta mnyororo. Ukaniuliza, "Papa, uko muzima?" Nikasema ni jua. Nikapita.

Kwanza niliamua kukuficha habari hii. Nilisema nitaandika barua hii na kuiweka chini kabisa ya begi, uisome ukiwa Kabale, mlima uko mbele yako, umechelewa kurudi. Niliona ni tendo la upendo kabisa. Nilikuwa hata nimepata sentensi nzuri za mwisho. Baadaye nikafikiri nirudi kesho ofisini, niombe jina lako litolewe kwenye faili letu, wewe uwe na kadi yako na sisi yetu. Hapo pia nilijiona shujaa. Nikamweleza mama yako jikoni. Alikuwa anachambua maharage. Hakuinua kichwa.

"Mwaka jana ulimuambia tumeitwa, kumbe hatukuitwa," alisema. "Leo tumeitwa kweli, unanyamaza. Wewe unatafuta nini?"

Sikujua kwamba anajua. Nilimuuliza tangu lini.

"Tangu siku ile. Fundi viatu aliniambia ulishinda kwake."

"Na hukusema?"

"Nilingoja wewe useme. Na mimi nilikosea." Akatupa jiwe dogo alilolitoa kwenye maharage. "Sasa mutoto achaguliwe njia tena na watu wawili jikoni? Ita mutoto. Ama uandike, kama mudomo imekufa. Lakini apate leo."

Basi hii ndiyo habari ya njia, bila maelezo.

Ukienda kesho, utakuwa Kigezi siku ya mahojiano. Faili letu litawekwa kando. Linaweza kukaa mwezi, linaweza kukaa miaka, hakuna ajuaye. Mimi na mama yako tutabaki hapa muda huo.

Ukibaki, tutakwenda watatu Alhamisi. Kuitwa siyo kuchukuliwa. Wengi waliitwa na bado wako hapa. Tumusiime ana kijana wa Kabale anayeitaka nafasi yako, alikuambia mwenyewe, na hatakungoja mara ya pili.

Ukiomba kutengwa na faili letu, inawezekana sisi tukaondoka na wewe ukabaki. Hiyo nayo ni njia. Sijui ina kona ngapi.

Mwaka jana hakukuwa na mwito wowote. Mwaka ule niliuchukua mimi, na siwezi kuurudisha.

Hizo ndizo habari. Utaona sikuandika upande ninaoutaka. Nimeandika mara mbili na mara mbili nimefuta. Ukiinua karatasi kwenye mwanga utaona nilivyokwaruza. Siku moja, ukiwa na nafasi na huna hasira, niulize nitakuambia. Leo ningekuambia, ningekuambia vizuri sana, na ndiyo hatari yenyewe.

Jambo moja tu juu ya mama yako na mimi, usilibebe: hatutakufa kwa kungoja. Alasiri hii mama yako amekwenda kwa jirani kuomba chipukizi za migomba, na safari hii sikumwambia kitu. Amezilaza nyuma ya nyumba zimefunikwa kwa majani, na anasema zitapandwa kesho, uende usiende, tuitwe tusiitwe.

Ninakunja karatasi sasa. Sitaiweka kwenye begi. Nitatoka nikupe mkononi kabla hujala, kwa sababu mama yako anasema nikishashiba nitapata hoja. Amenikataza pia nisikae karibu yako unaposoma, nisije nikaanza kukufafanulia. Nitakuwa kule kwenye maharage, nimekupa mgongo. Soma polepole. Ukimaliza, uniite, useme unalotaka kusema, hata kama ni baya, hata kama litachukua mpaka chakula kipoe.

Sitakujibu.

Papa